Shule ya Msingi ya Wavulana ya Kikatoliki Mombasa: Maswali Ambayo Wazazi Huuliza Mara kwa Mara

Kila mwaka, kuanzia likizo ya Agosti hadi wiki ya kwanza ya Januari, wazazi hunisimamisha langoni na maswali yale yale. Huyu katoka Changamwe na bahasha ya vyeti kwapani, yule kashuka tuktuk na mtoto kamlalia begani. Nimefundisha Kiswahili na Elimu ya Dini katika shule ya Kikatoliki ya wavulana hapa kisiwani kwa zaidi ya miaka 20, na majibu ninayowapa ndiyo haya. Shule yangu siitaji kwa jina, kwa kuwa mengi ya hapa yanahusu shule zote za aina hii.

Shule ya Kikatoliki ni ya serikali au ya kibinafsi? Nitalipa nini?

Zote mbili zipo, na wazazi wengi hufika bila kujua wamefika kwa ipi. Ya kwanza ni shule ya umma ambayo Kanisa ni mfadhili wake. Jina la mtakatifu liko langoni na padri ana kiti katika bodi, lakini walimu wameajiriwa na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, na mtaala ni wa serikali. Shule hizi hazitozi karo ya msingi tangu Januari 2003. Serikali imepanga kutoa shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi, na shilingi 15,042 kwa aliye sekondari msingi, yaani Gredi ya Saba hadi ya Tisa. Ukiombwa mchango, dai risiti rasmi. Na mtoto hafai kurudishwa nyumbani kwa sababu mchango haujalipwa.

Ya pili ni shule ya kibinafsi ya parokia, ya jimbo, au ya shirika la mabradha au masista. Hapo karo ipo, na inatofautiana sana. Uliza jumla ya mwaka mzima pamoja na basi, chakula na vitabu, tena uliza kabla hujanunua sare. Nimewahi kukaa na mama mmoja mwezi wa Mei, machozi yanamtoka, kwa kuwa Januari aliuliza karo ya muhula wa kwanza peke yake.

Kuna mtihani wa kuingia?

Shule ya umma inaruhusiwa kumpima mtoto ili ijue darasa linalomfaa, si ili imkatae. Za kibinafsi nyingi humhoji mtoto na mzazi. Njoo na cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo na ripoti ya alikotoka. Umri wa Gredi ya Kwanza ni miaka 6. Tafadhali usimsukume mbele mtoto wa miaka mitano kwa kuwa anajua kuhesabu hadi mia. Kuhesabu anajua, lakini kukaa bado.

Sisi ni Waislamu. Mwanangu atalazimishwa kusali Kikristo?

La. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa dini na dhamiri. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili nafasi ya kulea mambo ya kiroho shuleni, na papo hapo inamtaka ailinde imani ya wasio wa dhehebu lake.

Mombasa jambo hili hatulisomi kwenye karatasi tu. Dawati moja huwa na mtoto aliyetoka madrasa jana jioni na mwenzake aliyetumikia altare Jumapili. Ijumaa, wanaokwenda msikitini hutoka mapema wakisindikizwa na mwalimu wa zamu. Mwezi wa Ramadhani hatuwakimbizi uwanjani juani, na wanaokula hupangiwa pahali pao. Wakati wa Baba Yetu gwarideni, asiyesali husimama kimya kwa adabu, basi. Swali la kuuliza mapema ni hili: je, shule ina mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu? Kuna zilizo naye, kuna zisizo naye, na usikubali kujibiwa juu juu.

Baba mmoja wa Majengo aliniuliza kwa ukali, na alikuwa na haki, kama hatutamchukua mwanawe kidogo kidogo pasipo yeye kujua. Nikamwambia ninavyofundisha siku ya kwenda Fort Jesus. Ngome ile Wareno waliijenga kuanzia 1593 hadi 1596, na wavulana hupenda mizinga kuliko kitu kingine chochote. Mimi huwakalisha kivulini nikawahadithia habari za Yusuf bin Hasan. Baba yake, sultani wa Mombasa, aliuawa mwaka 1614 kwa njama iliyokuwa na mkono wa Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia. Alirudi kutawala akiwa kijana. Agosti 1631 akaingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akarudi katika Uislamu, na Wakristo waliokataa kuiacha imani yao wakauawa. Kanisa huwaita Mashahidi wa Mombasa.

Mimi ni Mkatoliki na mashahidi wale nawaheshimu kwa moyo wote. Lakini huwaomba wavulana wamtazame pia yule mtoto: kafiwa na baba, katolewa kwao, kavishwa jina na dini na watu wa upande ule ule uliomuulia baba. Darasa hunyamaza. Mwaka mmoja mvulana wa Gredi ya Tano aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, hakuna aliyemuuliza yeye anataka nini?" Yule baba wa Majengo nilimpa swali hilo la mtoto kama jibu langu. Mwanawe yuko nasi mwaka wa nne sasa, na juzuu anaendelea kuhifadhi.

Na aliye Mkatoliki, atapata Komunyo ya Kwanza na Kipaimara hapo shuleni?

Shule husaidia kuandaa, parokia ndiyo yenye mamlaka. Mafundisho ya katekisimu yana utaratibu wake kwa katekista, na mara nyingi utaombwa barua ya jumuiya yenu ndogo ya Kikristo. Mzazi asiyekwenda jumuiya huanza kuhangaika hapo.

Shuleni kuna Misa, kuna Njia ya Msalaba Ijumaa za Kwaresima, rozari mwezi wa Oktoba, na sala ya Malaika wa Bwana saa sita mchana. Kuna pia Utoto Mtakatifu, chama cha watoto cha Kanisa, na skafu zao ambazo wadogo huzivaa kwa fahari kubwa. Watakatifu wanaowagusa wavulana ni wale wa umri wao. Tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, nikiwaambia kwamba Kizito alikuwa na miaka 14 hivi alipochomwa moto Namugongo mwaka 1886, wa Gredi ya Nane hutazamana. Umri wao huo.

Je, mtamfanya padri?

Hapana. Wito ni wa Mungu na wa mtoto mwenyewe, na katika umri huu kila wiki ana wito mpya: rubani, kipa, nahodha. Tunamwacha.

Siku ya shule ikoje?

Kengele ya kwanza ni saa moja na robo. Kufikia hapo waliowahi wameshafagia majani ya mwarobaini uwanjani, na wengine wameshafagiliana vumbi miguuni. Jumatatu na Ijumaa bendera hupandishwa na wimbo wa taifa huimbwa. Siku nyingine ni sala, matangazo na ukaguzi wa kucha. Vipindi ni vya dakika 30 kwa Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu na dakika 35 kwa ya Nne hadi ya Sita.

Mapumziko ya asubuhi ndiyo wakati wa kuwajua. Mimi huchukua kikombe changu cha chai nikasimama karibu na mfereji. Utamwona anayegawa viazi karai vyake vitatu kwa watu watano. Utamwona anayezunguka ukuta peke yake. Yule ndiye wangu wa siku hiyo. Katikati ya uwanja kuna chandimu. Zamani mpira ulikuwa wa karatasi za plastiki zilizoviringwa na kukazwa kwa kamba ya katani. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, mafundi wa mpira wamehamia kwenye soksi kuukuu na matambara, na ukinyeshewa huwa mzito kama nazi. Mzazi akiniambia soksi za mwanawe zinapotea moja moja, najua ziliko.

Kazi ngumu iko baada ya chakula cha mchana. Kati ya Januari na Machi, saa nane, kaskazi inavuma yenyewe ya moto, shati limeganda mgongoni, na wavulana 45 wanakutazama kwa macho mazito. Hesabu mpya usiifundishe wakati huo. Sisi hufanya kusoma kwa sauti, muziki, kilimo, kazi ya mikono. Jioni ni kandanda, skauti, kwaya, sataranji, kisha nyumbani.

Kwa nini wavulana peke yao? Si ni mtindo wa zamani?

Ni mtindo wa zamani, na sitakudanganya kwamba kuwatenga watoto peke yake kunaleta alama nzuri. Shule mbaya ya wavulana ni mbaya kama shule nyingine yoyote mbaya, na ina ubabe zaidi.

Ninachokiona mimi ni hiki. Katika darasa la wavulana watupu hakuna kazi ya kike. Wao ndio wanaofagia, wao ndio wanaoimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, wao ndio wanaopika siku ya somo la lishe na kuonja mchuzi kwa kijiko kimoja hadi niwakemee. Mashairi wanayakariri bila kumwonea mtu haya. Na wakilia, wanalia. Mwaka juzi mmoja alifiwa na nyanya yake, akaja shuleni siku ya tatu. Mwenzake wa dawatini hakusema neno. Alimchongea penseli zake zote, moja baada ya moja, akazipanga mbele yake.

Hasara ipo, na tunaijua. Mvulana anaweza kukua bila kujua kuzungumza na msichana kama mtu mwenzake. Kwa hiyo uliza kama shule ina walimu wanawake wa kutosha, kama mwanamke anaweza kuwa mwalimu mkuu hapo, na kama kwaya, mijadala na safari hufanywa pamoja na shule za wasichana. Shule ikikujibu kwamba wasichana watawapotosha, mtafutie mwanao shule nyingine.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo linaloniweka katika kazi hii. Kwa miaka mingi tumepigania, na kwa haki, mtoto wa kike asome. Huku Pwani katika miaka hiyo hiyo mvulana aliachwa ajilee. Akifika miaka 11 huambiwa yeye ni mwanamume sasa, akaachiwa barabara, na barabara ina maskani, ina unga wa kulevya, ina majani ya kutafuna ya muguka kwa bei ya peremende. Mei 2024 serikali ya kaunti ilipiga marufuku muguka, kisha mahakama ikaisimamisha amri hiyo. Mabishano ya wakubwa yakiendelea, mtoto wa Gredi ya Sita hupita mbele ya kibanda kile mara mbili kwa siku. Mvulana anahitaji mtu mzima anayemjua: sauti yake, mwendo wake, siku aliyokuja bila kula. Shule ya wavulana isiyofanya hivyo haina sababu ya kuwepo.

Anasoma mtaala gani, na mitihani ni ipi?

Ni mtaala wa umilisi, ule wa CBC, kama shule zote za umma. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 umeondoka katika shule za msingi, na KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, ilifanywa mara ya mwisho 2023. Mwisho wa Gredi ya Sita kuna tathmini ya KPSEA, mwisho wa Gredi ya Tisa kuna ya KJSEA. Katika kumpangia mtoto sekondari ya juu, KPSEA huchangia asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya Saba na ya Nane asilimia 20, na KJSEA asilimia 60. Kutoka hapo anaingia mkondo wa sayansi na teknolojia, wa sayansi za jamii, au wa sanaa na michezo.

Wazazi waliosoma zamani huniuliza, "Amekuwa wa ngapi?" Siku hizi ripoti inasema amezidisha matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko mbali nayo. Mimi huongeza kwa kalamu kile ninachokijua, kwa mfano: "Anasoma vizuri akisimama, akikaa analala." Jambo la kulikazia macho ni kusoma. Wavulana wengi niliowapokea Gredi ya Nne wanatamka maneno yote ya ukurasa bila kujua ukurasa umesema nini. Mkalishe jioni, dakika kumi, akusomee chochote, hata gazeti lililofungiwa maandazi. Kisha muulize: nani kafanya nini? Hiyo inamfaa kuliko mazoezi ya ziada ya likizo, ambayo sheria imeyakataza hata hivyo.

Nyumbani tunasema Kimvita. Hatapata alama mbaya za Kiswahili?

Swali hili nilijibiwa mimi. Miaka yangu ya mwanzo nilimsahihishia mvulana mmoja wa Kibokoni insha yake. Aliandika: "Nilipita ndia ya mkato nikaumwa na kitwa." Nilikata kwa wino mwekundu, ndia na kitwa, nikaandika pembeni: Hakuna maneno haya. Siku ya pili bibi yake alikuja. Mwanamke wa makamo ya juu, leso kajifunika, daftari kalishika kwa mikono miwili kama msahafu. Nikamwamkia, "Shikamoo, bi mkubwa." Akaitikia marahaba, akaketi, akafungua ukurasa ule. "Mwalimu, kitwa ndicho kitwa. Neno hili wametuwatia wazee wetu. Si kosa kutolijua, lakini hulifuti."

Nilifedheheka, na nashukuru. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, alitunga kwa lahaja hii, na mimi nilimfundisha mtoto wa mji wake kwamba maneno yake hayapo. Tangu siku hiyo daftari zangu zina safu mbili: nyumbani, shuleni. Kitwa, kichwa. Ndia, njia. Mato, macho. Mtele, mchele. Mtoto hujifunza haraka lipi ni la wapi, na wa Kisauni na wa Mikindani waliokulia lugha nyingine huanza kumuuliza yeye. Alama hazishuki. Sheng nayo naishughulikia vivyo hivyo, ingawa kwa hiyo sina bibi wa kunitetea.

Mnachapa?

Hatuchapi, na shule inayochapa inavunja sheria. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza adhabu ya kumuumiza au kumdhalilisha mtoto, na adhabu ya mkosaji ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kuna wazazi wanaoniomba: "Mwalimu, mpe mboko, nimekuruhusu." Huna ruhusa hiyo ya kunipa, mzee wangu, na mimi siitaki.

Don Bosco, padri wa Torino aliyewalea wavulana wa mitaani katika karne ya 19, alikuwa na njia ya mambo matatu: akili, dini na wema. Alisisitiza kwamba haitoshi mlezi kuwapenda vijana. Wenyewe lazima waione kwamba wanapendwa. Sikukuu yake ni tarehe 31 Januari, wiki chache baada ya kufungua shule, wakati walimu ndiyo kwanza uvumilivu unaanza kutuishia. Kwetu, aliyepigana hukaa na aliyempiga, kila mmoja huandika yaliyotokea, kisha wanabadilishana karatasi. Aliyevunja hutengeneza. Aliyetukana huomba radhi mbele ya wale wale waliosikia tusi. Huchukua muda mrefu kuliko fimbo, ndiyo.

Atakuwa salama na watu wazima wa hapo? Tumesikia mambo ya Kanisa.

Umesikia, na ni kweli yametokea katika nchi nyingi. Mzazi anayeuliza hivi hanikosei heshima, na shule inayokasirika kuulizwa ikimbie.

Uliza sera ya ulinzi wa mtoto, iliyoandikwa, uisome. Uliza: kuna mtu mzima anayekaa na mtoto mmoja chumba kilichofungwa? Jibu sahihi ni hapana, awe mwalimu, bradha, padri au kocha. Madirisha ya ofisi ya ushauri yawe ya kuonekana ndani. Uliza mtoto akilalamika anamwambia nani, na huyo anapeleka wapi. Likiwa jambo la unajisi wa mtoto, mahali pake ni polisi, kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Halimalizwi ofisini wala parokiani. Mfundishe mwanao nambari 116, simu ya watoto isiyolipiwa. Na mwambie wazi, kwa lugha ya nyumbani, kwamba wavulana pia hufanyiwa, na si aibu yake. Huku kwetu neno hilo wazazi wa kiume halitoki mdomoni, na watoto hukaa na siri miaka.

Tunaishi Likoni. Atawahi?

Atawahi akitoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro. Feri ni bure kwa anayevuka kwa miguu, lakini foleni haina huruma. Kwetu, aliyechelewa kwa feri haadhibiwi. Anaingia, anapewa maji, anaketi. Ninachokazia ni kwamba asikimbilie feri inayoondoka wala asikae ukingoni. Watu wa rika langu hawajaisahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na kuua watu 272. Wavulana hao huvuka kwa makundi, na mkubwa wa kundi anawajua wadogo wake kwa majina.

Nimesikia wavulana hutoroka kwenda kuogelea.

Hutoroka, hasa Ijumaa ya joto. Huelekea upande wa Mama Ngina, huficha mikoba kwenye mibuyu, hurudi na chumvi nyeupe shingoni na kaptura iliyokauka vibaya. Dalili ni chumvi hiyo. Lamba kidole umguse nyuma ya sikio. Kumkataza mtoto wa Mombasa bahari ni kazi bure. Mpeleke wewe mwenyewe Jumapili, umfundishe kuogelea na kuujua mkondo, maji yakipwa na yakijaa. Mkondo wa pale lango la bandari huchukua hata watu wazima.

Sare, chakula, maji?

Kaptura mbili, mashati matatu, kwa ajili ya jasho. Sweta usinunue. Andika jina ndani ya viatu. Chakula hutegemea shule. Kama ni cha kubeba, wali na maharagwe hukaa vizuri kuliko samaki. Maji chupa nzima, kila siku, kwani mifereji ya kisiwani hukauka bila taarifa na maji ya visima yana chumvi.

Baba yake hapati nafasi ya kuja mikutanoni. Ni lazima?

Katika mkutano wa wazazi wa darasa langu, kati ya watu 40, akina baba huwa watano au sita. Wengine wako bandarini zamu ya usiku, wengine ni madereva na wakati huo wako njiani kuelekea mpakani Malaba, wengine ni walinzi na wamelala. Wapo pia wanaoona shule ni shughuli ya mama. Hao ndio ninaowaandikia jibu hili.

Si lazima mkutano. Mkutano una hotuba nyingi. Njoo siku yoyote, dakika kumi. Baba mmoja, mpakuzi wa makontena, alikuja saa nane na nusu mchana akiwa bado na bwelasuti yake ya rangi ya machungwa na kofia ngumu mkononi. Hakutaka kuingia, buti zilikuwa na mafuta. Akasimama mlangoni. Zamu ya kusoma ilikuwa ya mwanawe, mtoto wa Gredi ya Tatu ambaye kwa mihula miwili sikuwahi kusikia sauti yake hadi dawati la pili. Akasimama, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma ukurasa mzima, polepole, akikosea maneno mawili na kuyarudia mwenyewe. Baba alibaki na kofia yake kifuani. Mtoto alipomaliza, baba akaitikia kwa kichwa mara moja, akaniambia, "Asante mwalimu, naingia zamu," akaenda.

Sasa hivi mtoto yule yuko Gredi ya Saba. Bado anasoma kwa kidole, nami simkatazi.

Nije lini kuiona shule?

Usije siku ya sherehe, siku ambayo hata mawe yamepakwa chokaa. Njoo siku ya kawaida, kama Jumatano, saa nne kasorobo, wakati wa mapumziko. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, kisha simama karibu na mfereji. Tazama vyoo. Sikiliza wakubwa wanavyowaita wadogo. Mwite mwalimu wa zamu, umuonyeshe mvulana yeyote uwanjani, umuulize anaitwa nani na anaishi wapi.